Noeli Huanza Mwezi wa Sita: Kwa Mdogo Anayetaka Kupaka Mapambo Nyumbani

Kila mwaka, ikifika katikati ya mwezi wa kumi na moja, kuna mtu anabisha hodi kwetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, akiwa na kopo la rangi nyekundu mkononi. Ameona nyota na malaika niliowatundika barazani, naye anataka kupaka vyake auze kabla ya Noeli. Namkaribisha, namwekea kiti, namuuliza habari za nyumbani, halafu namwambia neno asilolipenda: umechelewa. Mvua zimeshaanza. Rudi mwezi wa sita.

Wengine hudhani nawafukuza, kana kwamba naogopa watanipokonya wateja. Hapana. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilianza Novemba hiyo hiyo. Mama mmoja alinipa oda ya malaika 40 wa mbao, wa kutundika kwenye sapini, yaani mti wa Noeli, ya kanisa lao. Nikapaka usiku na mchana. Verni, ule upako wa mwisho wa kulinda rangi, niliipaka usiku wa tarehe 20 Desemba, mvua inanyesha, kurani (umeme) imekatika, mimi na mshumaa wangu. Asubuhi nikagusa kwa kidole: pakavu. Tarehe 22 nikawafunga mmoja mmoja kwa magazeti, nikawapanga kwenye katoni, nikapanda taksibisi.

Mama alipofungua, gazeti lilikuwa limeng'ang'ania. Tukavuta polepole, yeye upande huu na mimi upande ule. Karatasi ikatoka, herufi zikabaki. Malaika mmoja alikuwa na tangazo la kiwanja shavuni, limeandikwa kinyumenyume. Ile nusu ya malipo iliyobaki sikuipata, na sikuwa na la kumlaumu mtu.

Basi nieleze kilichotokea. Rangi ya akriliki, na verni ya maji vilevile, hukauka kwa maji yake kupotelea hewani. Hewa ikiwa imeshiba maji tayari, yale ya kwenye rangi yatakwenda wapi? Juu hufanya ngozi, chini hubaki laini kama uji uliopoa. Kidole chako kinagusa ngozi, kinakudanganya. Wakati wa kiangazi, kati ya mkono wa kwanza wa rangi na wa pili mimi hungoja dakika 20 hadi 30. Desemba nimewahi kungoja saa tatu nzima na bado naona alama ya dole gumba. Na verni iliyokauka kwa kuguswa si verni ya kufungwa kwenye katoni. Zangu nazitundika kwenye kamba wiki tatu kabla hazijafungwa, na sizifungi tena kwa gazeti wala kwa nailoni, kwa sababu akriliki ikipata joto hulainika na kushika nailoni. Nachana shuka kuukuu la pamba.

Sasa usidhani kiangazi ni peponi. Kiangazi cha Lubumbashi kina vumbi, lile jekundu letu, na vumbi hupenda verni mbichi kuliko nzi anavyopenda embe. Kwa hiyo siku ya verni mimi hufanya hivi: nafunga madirisha, nanyunyiza maji sakafuni, sifagii, sikaribishi watoto chumbani. Kila nikimaliza kipande nakifunika kwa katoni iliyogeuzwa, yenye matundu madogo pembeni ili ipumue. Na usiianze kazi hiyo alfajiri. Wewe unajua baridi ya Julai hapa kwetu, watu wanaota moto barabarani. Verni ya maji haitaki baridi ya chini ya nyuzi 10. Inabaki na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Ngoja hadi saa nne asubuhi, jua likishaingia chumbani. Wala usilitikise kopo la verni, koroga taratibu kwa kijiti. Ukilitikisa unaingiza mapovu, na kila povu litakauka na kuacha shimo dogo usoni mwa malaika wako. Mikono miwili au mitatu myepesi ni bora kuliko mmoja mzito.

Mbao usikimbilie kununua. Kila mtaa una seremala, na kila seremala ana rundo la vipande vya tripleksi, zile mbao za matabaka yaliyoshikwa kwa gundi, anavyowashia moto. Mwombe vya milimita 4 au 6, mpelekee soda siku moja moja, atakukatia hata nyota. Kisha msasa: namba 120 kwanza, halafu 220, kwa kufuata nyuzi za mbao na si kuzikata. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, uliyoipunguza kidogo. Ikikauka pitisha vidole: utasikia vinyweleo vimesimama kama ndevu za siku mbili, maana mbao ikinywa maji hufanya hivyo. Pitisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, paka nyeupe tena. Hapo ndipo mbao iko tayari. Mgeni akiniletea kazi yake niitazame, siangalii kwanza uso wa malaika. Naangalia kingo. Kingo za tripleksi hunywa rangi kama mlevi, na aliyekuwa na haraka huonekana pale.

Pinso (brashi za kuchorea) tatu zinakutosha mwaka mzima: bapa moja, ya mviringo moja, na ile nyembamba ndefu ya kuchora mistari. Pinso isilale ndani ya kikombe cha maji. Nywele zinapinda, gundi iliyozishika ndani ya chuma inaachia, na siku moja unakuta nywele tatu zimebaki kwenye bawa. Rangi ya akriliki ikikaukia shingoni mwa pinso, imekwisha hiyo, itumie kupakia gundi. Sabuni ya kipande na maji baridi, kila jioni, hata kama umechoka.

Mchoro unahamishwa hivi: chora kwenye karatasi, sugua penseli nyuma ya karatasi hadi iwe nyeusi yote, ilaze juu ya mbao, fuata mistari kwa kalamu. Hilo halina siri.

Siri iko kwenye pinso bapa. Chovya pembe moja kwenye nyekundu, pembe nyingine kwenye nyeupe. Usiende kwenye mbao bado. Ivute huku na huku kwenye sahani ya zamani, palepale, mara sita au saba, hadi katikati rangi mbili zikutane bila mpaka. Ndipo uiweke kwenye mbao, uisukume kidogo, uizungushe, uinue. Umepata petali yenye kivuli na mwanga kwa pigo moja. Mara ya kwanza itatoka kama ulimi wa ng'ombe. Jaza ukurasa mzima wa gazeti (hapa gazeti lina kazi yake) kabla hujagusa mbao.

Kwa mstari mwembamba, punguza rangi kwa maji iwe kama wino, na uvute mkono mzima kutoka begani, usichezeshe vidole. Kwa nukta, tumia kichwa cha msumari. Ukitaka zilingane, chovya upya kila nukta. Ukitaka zipungue kama mkia wa nyota, chovya mara moja uendelee hadi rangi iishe. Na ukitaka nyekundu iwe na kivuli, usitie nyeusi, itakuwa kama damu iliyolala. Tia tone la kijani.

Wateja watakuomba theluji. Mimi theluji sijawahi kuiona zaidi ya ile barafu ya ndani ya friza, lakini nimeipaka juu ya mapaa mengi: pinso kavu, nyeupe kidogo sana, futa karibu yote kwenye kitambaa, kisha parura juu juu. Inauzika. Ila miaka hii nimeanza kupaka tulicho nacho. Desemba hapa miti ya mifulambuayo (mikrismasi) imechanua nyekundu, kijani chini yake, unataka rangi gani nyingine ya Noeli? Nakata pia mbao kwa umbo la ule msalaba wa shaba, croisette, uliokuwa fedha ya watu wa Katanga zamani. Naupaka rangi ya kutu ya shaba na nukta nyeupe pembeni. Watu waliohamia Kinshasa hununua hizo kwa wingi kuliko malaika.

Na kama unatafuta namna ya kujaza nafasi tupu, usitafute mbali. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Tazama picha za waliotoka mle. Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake kati ya majani. Mwenze Kibwanga aliyejaza kila kitu kwa vijistari vifupi vilivyolala pamoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Bela aliyechovya vidole vyake mwenyewe badala ya pinso. Kile kijistari cha Mwenze ndicho mazoezi bora ya pinso nyembamba niyajuayo. Jaribu kujaza nacho bawa moja la malaika, urefu uleule, mwelekeo uleule, utaona jasho linavyokutoka.

Mambo mawili ya afya niyapitie haraka. Watoto huweka mapambo mdomoni, kwa hiyo usitumie lile kopo kuukuu la rangi ya mafuta la baba. Rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Balbu zilizoungua zinapendeza zikipakwa, lakini chukua za kizamani zenye waya ndani, uzifute kwa spiriti ili rangi ishike. Zile za mirija iliyojipinda zina zebaki. Ziache. Kijana mmoja aliwahi kuniletea malakiti, lile jiwe la kijani, aliyoitwanga apate kijani cha bure. Kijani ni kizuri kweli, na wazee wa zamani duniani waliitumia hivyo, lakini malakiti ni shaba, na vumbi lake si la kuvuta puani kwenye chumba kimoja na mtoto mchanga. Nilimpa kichupa changu cha kijani aende nacho.

Bei. Hapa ndipo tunapolia. Ulipaka saa tatu, ukauza kwa falanga za mkate, kwa sababu mteja ni jirani na amesema "mama, nipunguzie, ni kibao tu." Andika saa zako kwenye daftari mwezi mzima kabla hujataja bei yoyote. Chukua avansi ya nusu kwa kila oda, hata kwa shemeji. Hasa kwa shemeji. Na kikomo cha kupokea oda za Noeli kwangu ni mwisho wa mwezi wa tisa. Anayekuja baadaye anachagua katika vilivyotundikwa kwenye kamba.

Jambo moja nililojifunza kwa hasara: usiandike mwaka kwenye kitu ambacho hakijaagizwa. Mwaka 2019 nilipaka nyota nzuri sana, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka, na katikati ya kila moja nikaandika "Noeli 2019" kwa rangi ya dhahabu. Zikabaki 18. Nilijaribu kuigeuza 19 kuwa 20, ikatoka kama alama ya kibandiko cha jeraha. Nane nimeshazisugua na kuzipaka upya. Kumi bado ziko kwenye katoni chini ya kitanda. Njoo mwezi wa sita uzichukue, ufanyie mazoezi. Msasa uje nao mwenyewe.