Mafungu matano kwa watu wanne: kabla hamjaanzisha kikundi cha nyuzi

Vijana wa kwaya hapa Mtwara, na wengine wa Lindi na Masasi, hunifuata na swali lile lile: tuko wanne, fidla mbili tunazo, viola, yaani fidla kubwa kidogo ya sauti nzito, na selo, ile kubwa zaidi inayopigwa umekaa, tumeahidiwa, je, tutakula kwa kazi hii? Mnaweza kula. Ila wengi wanaouliza wanataka nizungumzie vidole, uta wa kupigia nyuzi, na nani kasomea wapi. Hayo yana walimu wake, na ukitaka kuyajua vizuri vuka bahari uende Unguja, kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries, au nenda TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo. Mimi nakaa nyuma ya selo, na kwa nilivyoona, kikundi cha watu wanne hakifi kwa kukosa vipaji. Kinakufa kwa hela, viti na kura.

Tuanze na hela. Tuseme harusi imelipa shilingi 800,000. Nauli na mizigo vimekula 120,000, zimebaki 680,000. Msizigawe kwa nne. Gaweni kwa tano: kila mtu 136,000, na fungu la tano ni la kikundi. Hilo ndilo linanunua nyuzi, linamlipa fundi, linatoa kopi za nota. Hapa kwetu uzi wa selo ukikatika Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi hakuna duka la kukimbilia. Utaagiza Dar, na Dar nao wanaweza kukwambia subiri mzigo. Kwa hiyo seti nzima ya akiba inakaa kwenye begi muda wote, na seti ya selo si hela ya kutoa mfukoni kwa mtu mmoja.

Halafu kuna tuzo, na hapa ndipo watu wazima wanapogombana. Mtu wa pwani akifurahi anatuza. Shangazi wa bibi harusi ameinuka na noti yake, anakuja anacheza taratibu, kitenge kimekaza, mpaka mbele kabisa, na noti inaishia kwa aliye karibu naye. Huyo siku zote ni fidla ya kwanza, mpigaji wa sauti ya juu. Anachomekewa kwenye kola, anawekewa mapajani. Niliona hata noti imepenyezwa chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja ya fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, sauti ikageuka ya nyuki na wimbo haukusimama. Mpiga viola, aliyebeba nusu ya utamu wa wimbo huo, hakuambulia hata mia. Wekeni kapu mbele. Kila noti iingie humo, na kapu lihesabiwe wote wanne mkiwepo, kabla hamjapanda gari. Anayesema "sisi tunaaminiana, kapu la nini" ndiye atakayekuwa wa kwanza kununa.

Malipo ya awali yachukueni nusu, na msiishie kuongea na kamati ya harusi. Huku kwetu kusini, mjomba ana neno lake. Kamati ikianza kusuasua siku ya mwisho, mjomba akijua mlikubaliana nini, hela inapatikana.

Sasa viti. Kila mwenye fidla anataka ya kwanza. Sauti ya juu ni yake, MC anamtaja yeye, picha anapigwa yeye. Fidla ya pili inakaa katikati, inajibu, inashikilia mapigo, na ikiyumba kidogo wote tunayumba, lakini msikilizaji hatajua nani kamshikia nyumba isianguke. Ukimweka mtu mmoja hapo miaka na miaka bila kumpa nafasi, ataondoka, na ataondoka kwa hasira. Kikundi cha Emerson cha Marekani, kilichoanza 1976 na kustaafu 2023, kililimaliza hili kwa njia rahisi: Eugene Drucker na Philip Setzer walikuwa wakibadilishana kiti cha kwanza. Sisi tunabadilishana kwa wimbo. Taarabu anaongoza kaka mmoja, kwa sababu ana zile kona za sauti ambazo hazifundishiki kwa nota. Nyimbo za kanisani na za Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria, anaongoza dada. Na ukipanga nyimbo mwenyewe, mpe viola melodi angalau ubeti mmoja. Utaona namna anavyokuja mazoezini mapema.

Kura ndiyo ngumu zaidi. Wanne mkipiga kura mnaweza kutoka mbili kwa mbili, na hakuna mwenyekiti wa kuvunja sare. Okestra ina kondakta, bendi ya dansi ina kiongozi wake, kwaya ina mwalimu. Nyie hamna mtu. Wawili wanataka wimbo uende haraka, wawili wanataka utulie, na mazoezi ya saa mbili yanageuka baraza. Tunachofanya ni hivi: wazo la mtu halijadiliwi mpaka lipigwe kwanza. Tunapiga wimbo wote kwa njia yake, kwa moyo, bila mtu kuuvutia nyuma. Kisha kwa njia ya wenzake. Simu inarekodi zote mbili, tunakwenda nyumbani, tunasikiliza kesho yake damu ikiwa imepoa. Mara nyingi aliyekuwa akishupaa anajicheka mwenyewe. Ikibaki sare, harusi hii tunapiga hivi, ijayo vile. Kwenye mambo ya hela, sare maana yake mambo yabaki yalivyo. Na kumpokea mtu mpya hakuna kura: mmoja akikataa, basi.

Kukosoana nako kuna adabu yake. Sema "baa ya kumi na mbili nakusikia juu kidogo", baa ni kipande kidogo cha wimbo kwenye nota, usiseme "wewe huwa hujisikilizi". Na usimkosoe mtu mzima mbele ya mkwewe. Nadhani hilo sihitaji kueleza.

Kalenda yetu haiko kama ya Dar. Huku harusi zinafuata korosho. Minada huanza Oktoba, hela inaingia kwenye akaunti za wakulima baada ya mnada, na ghafla kila Jumamosi ina sherehe tatu, kutoka Tandahimba mpaka Nachingwea. Kisha inakuja Ramadhani, Waislamu hawafanyi harusi, na Kwaresima, Wakatoliki nao wametulia. Mwaka 2026 vyote viwili vimeanza Februari ndani ya wiki moja, kwa hiyo ukame umekuwa mmoja mrefu. Anayekula hela ya Desemba ndani ya Desemba, Machi atauza fidla. Sikutanii, fidla huuzwa.

Ndiyo maana nasema kila mmoja awe na kazi ya pili, na asione haya. Mmoja wetu anafundisha kinanda, mwingine ana duka la vifaa vya shule pale karibu na soko. Hata wakubwa wa dunia hawaishi kwa tiketi peke yake. Takács, kikundi cha nyuzi kilichoanzia Budapest 1975, wamejishikiza Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Emerson walifundisha Chuo Kikuu cha Stony Brook. Kikundi cha Juilliard kimezaliwa ndani ya shule ya muziki ya Juilliard, New York, mwaka 1946. Ualimu ndio mshahara wao wa uhakika.

Kuhusu nyimbo: Haydn alifariki 1809, nota zake ziko bure mtandaoni, zichukueni mjifunzie kusikilizana, hakuna shule nzuri kama hiyo. Ukumbini pigeni robo tatu ya vitu wanavyovijua wageni. Kronos, kikundi cha nyuzi cha Marekani, walipotoa albamu yao ya Afrika mwaka 1992 walikuwa na kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda na ya Dumisani Maraire wa Zimbabwe, wakaiuza dunia nzima kwa nyuzi zile zile nne nne. Sindimba na taarabu zinapigika pia. Ila wimbo wa mtu ukitaka kuurekodi, mtafute mwenyewe, na kazi zenu mnazotunga zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hali ya hewa, kwa kifupi: unyevu wa Shangani hapa Mtwara unavimbisha vigingi vya kukazia nyuzi, joto linaachanisha gundi. Msiache chombo ndani ya gari juani, legezeni uta kila mkimaliza, na selo kwenye basi ikatieni kiti chake. Kondakta atacheka, atakuuliza huyu abiria ana jina gani. Lipa.

La mwisho ni kuondoka, na mliongee mwanzoni, wakati bado mnapendana. Amadeus, kikundi cha nyuzi cha Uingereza, walikaa wale wale wanne kwa karibu miaka 40. Peter Schidlof wa viola alipofariki 1987 waliobaki wakavunja kikundi. Guarneri, kikundi cha Marekani, walianza 1964, David Soyer wa selo akastaafu 2001, akaingia Peter Wiley aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaendelea mpaka 2009. Njia zote mbili ni halali, ila chagueni yenu na muiandike. Jina ni la nani? Spika iliyonunuliwa kwa fungu la tano inabaki kwa nani? Sisi tuliandika kwamba anayetaka kutoka anamaliza kwanza msimu wa korosho, anachukua chombo chake na mgao wake, na nota zinabaki za kikundi. Alama zake za penseli msizifute, mgeni atazihitaji kujua mahali mnapovuta pumzi.