Baruku: mwandishi, karani au katibu?

Swali: Yeremia 36 inamwita Baruku mwana wa Neria "mwandishi". Wanafunzi wangu wa kipaimara wanaelewa kwamba ndiye aliyetunga ule unabii. Je, nimwite karani au katibu? Na "gombo la chuo" lina maana kwamba alisoma chuo?

Jibu: Mwache awe mwandishi. Kinachowapotosha wanafunzi wako ni kitenzi kinachofuata.

Ukisema "Baruku aliandika kitabu", masikio ya leo yanasikia mtunzi. Ukikimbilia "Baruku alimwandikia Yeremia", umeharibu zaidi, maana kauli ya kutendea ina mlango wa pili: alimpelekea barua. "Yeremia alimwandikisha Baruku" nayo inanuka daftari la wapiga kura. Neno lililo sawasawa tunalo, na walimu wa shule za msingi wanalitumia kila siku: imla. Sema, "Baruku aliandika kwa imla ya Yeremia." Ndivyo yeye mwenyewe alivyowajibu wakuu katika aya ya 18: Yeremia alitamka kwa kinywa, yeye akaandika kwa wino. Ilikuwa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, yaani 605 KK hivi. Mfalme alipoliteketeza gombo, imla ilirudiwa upya, na aya ya 32 yasema yaliongezwa maneno mengi ya namna ile ile. Kwa hiyo kitenzi "kunakili" hakifai hapa: hapakuwa tena na maandishi ya kunakiliwa.

Katibu ni cheo. Katika sura hiyo hiyo yumo mtu anayestahili neno hilo, naye ni Elishama, mwenye chumba chake katika nyumba ya mfalme, ambamo wakuu walikuwa wamekaa. Kiebrania kinawaita wote wawili sofer. Kiswahili kinaweza kuwatenganisha, na katika maelezo yako ni vizuri kikafanya hivyo: Elishama katibu wa mfalme, Baruku mwandishi wa nabii.

Karani si kosa, ila linabana. Linafaa ukifika sura ya 32, Yeremia anaponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha na kumkabidhi Baruku hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, azihifadhi katika chombo cha udongo. Hiyo ni kazi ya masijala hasa. Lakini mtu aliyesimama hekaluni kuwasomea watu maneno ya hatari, kisha akatafutwa akamatwe, ukimwita karani tu umempunguza.

Kuhusu "gombo la chuo", hakuna shule hapo. Chuo katika Kiswahili cha zamani ni kitabu, wingi vyuo. Kutoka hapo mahali pa kusomea vyuo pakaitwa chuoni, na aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Maana ya taasisi imekuja kufunika ile ya kwanza. Gombo (magombo) hapa ni andiko refu la kuviringishwa. Maneno hayo mawili yanafuata Kiebrania hatua kwa hatua, megillat sefer, kama ilivyo pia katika Zaburi 40:7. Na kwa kuwa gombo halifunuliwi karatasi moja moja, waambie wanafunzi kwamba Yehudi, mtu aliyetumwa na mfalme kulileta gombo, alisoma safu tatu au nne, mfalme akazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hivyo hivyo mpaka gombo likaisha.