Kwa wapya wenye munachora viumbe vya sayari ingine: muanzie ku kole (gundi)

Wadogo zangu wapya wa hapa Goma, karibu wote munaanza na macho, meno na rangi ya ngozi. Kama kiumbe chako ni cha kujibandika ku jiwe sawa balani, wale wanyama wadogo wa bahari wenye nyumba ya chokaa wanajazana chini ya meli na hata ku ngozi ya nyangumi, basi macho acha kwanza. Uliza: kinashika jiwe na nini, na kikisha kushika kitakula nini, juu hakitahama tena.

Angalia balani wa kweli. Ni ndugu ya kaa, haiko ndugu ya konokono. Mtoto anaogelea huru, akifika hatua ya mwisho hali tena kitu, kazi yake ni kutafuta fasi tu, anatembea ku jiwe na antena anapima, akisikia harufu ya wenzake anapenda zaidi, anatoa kole anajibandika kichwa chini, na maisha yote anarusha miguu inje kuvuta chakula. Kuoana je? Wengi ni dume na jike mu mwili moja, na uume unaweza kupita urefu wa mwili mara 8 ili umfikie jirani. Chekeni, lakini hiyo njo biolojia: kila kitu kinatokana na kule kubandikana.

Sasa tufanye sawa Ziwa Kivu njo sayari yenu. Balani hamna, maji haiko ya chumvi, lakini mawe ya lava yamejaa, ile ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia mpaka mu ziwa. Chini kabisa hakuna oksijeni, kuna metani na gesi kaboniki mingi sana, juu oksijeni iko, na pale vinakutana kuna bakteria zinakula metani. Mi ningebandika kiumbe pale pale, bakteria ndani ya mwili zinamlisha, mdomo hata hauhitajiki.

Shida: ule mpaka wa oksijeni na metani hautulii, kiangazi upepo unachanganya maji na oksijeni inashuka chini zaidi. Mwenye amebandikana atakosa metani miezi kadhaa. Kwa hiyo mupe akiba ya mafuta, ao shina la kurefuka na kujikunja, juu hata mu bahari kuna balani wenye shina. Mi ningechagua shina, ku karatasi linapendeza zaidi.