Jibu: Kwa nini floridi ya alumini haipai upesi kama kloridi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kloridi ya alumini hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 tu, na floridi (AlF₃) ingoje karibu 1290. Tazama jarife lililoanikwa ufukweni hapa Shela: vuta fundo moja, wavu mzima unakuja. Ndani ya floridi kila alumini imeshikwa na florini 6, na kila florini imeshika alumini 2. Kloridi ikipashwa moto huachana, zikapaa molekuli ndogondogo za Al₂Cl₆.

Floridi hii ni unga mweupe, majini huyeyuka kidogo mno. Viwanda vinavyotengeneza alumini kwa umeme huiongeza kwenye kiriolaiti (madini ya sodiamu, alumini na florini) iliyoyeyushwa, kazi ifanyike chini ya nyuzi 1000. Ndiko ilikoanzia sufuria yako ya wali. Ila usiuchome nyumbani: moto mkali na mvuke wa maji huzaa floridi ya hidrojeni, sumu mbaya.