Kwa wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa kupiga selo, ile fidla kubwa ya nyuzi nne, hapa Mtwara

Kabla ya muziki wa Bach, yule mtunzi Mjerumani, ijueni kwanza hewa ya Mtwara. Mbao za selo hubandikwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, makusudi kabisa, ili fundi aweze kuifungua akitaka kutengeneza ndani. Joto na unyevu huilegeza. Niliwahi kuiacha yangu ndani ya gari lililofungwa, juani, nikielekea harusini Mikindani. Kuitoa, ubavu umeachia, mwanya unaingia ukucha. Seremala akanisaidia kwa gundi nyeupe. Harusi ikapita salama, lakini fundi wa ala aliyekuja kuifungua baadaye aling'oa na vipande vya mbao, na bili yake ikameza malipo yote ya ile harusi. Siku hizi selo hukaa nami kivulini, na upinde, ule ufito wa kupigia nyuzi, naulegeza kila nimalizapo kupiga.

Tuje kwa wanafunzi. Msiwaanzishie karatasi za noti. Wengi mtakaowapata wametoka kwaya, na solfa, yaani do-re-mi, wanaijua kuliko mnavyodhani. Nyuzi nne za selo, C, G, D na A, zinapishana kila moja na jirani yake kama do na so. Mwimbishe mtoto do–so, kisha apige uzi mtupu, bila kuubonyeza kwa kidole, na unaoufuata. Ule uliolegea ataukamata mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Mapigo nayo, aliyekua akicheza sindimba hana haja ya kufundishwa kuhesabu. Kazi iko kwenye mkono wa kulia. Wiki za mwanzo nawapigisha nyuzi tupu tu, upinde mzima, polepole, mpaka sauti iache kukwaruza.

Wazazi watawauliza, "Mwalimu, wimbo lini?" Mimi huwasimulia kuwa Pablo Casals, mpiga selo maarufu, alizikuta suiti za selo za Bach, yaani mafungu ya vipande vya kupigwa na selo peke yake, katika duka moja Barcelona akiwa na miaka 13, akazifanyia mazoezi miaka kama 12 kabla ya kuzipiga hadharani. Baba mmoja alinijibu kuwa yeye ada ya miaka 12 hana.

Hiyo ada, msiidai kila mwezi. Wazazi wangu wengi hushika fedha korosho zikiuzwa, basi nakubaliana nao walipe ya mwaka mzima msimu huo. Harusi nazo hujaa wakati huohuo, kwa hiyo ndipo ninapoagiza nyuzi mpya. A ni mwembamba kuliko wote na ndio hunikatikia mara nyingi. Huo nanunua miwili.