Hiyo "4" yako ni nne ya nani?

Wakili, umetuonyesha ukurasa wa noti zako za jana stesheni ya polisi, unauliza fomu gani ni nzuri na kama utumie daftari au tableti. Mimi nimekwama mstari wa pili, "kukamatwa 4". Tumbo limenikata. FUTA! Yaani usifute, piga mstari mmoja uandike upya pembeni, lakini umenielewa.

Mimi pia nilikuwa na "4" yangu. Kijana mvuvi wa Mayungu, karibu na Malindi, siku ya Alhamisi, nafika stesheni jioni mamake yuko kwa benchi na chupa ya chai amekatazwa kuiingiza. Mteja ananihadithia nami naandika mbio mbio nyuma ya bahasha ya kaki: kukamatwa 4, simu imechukuliwa, hakuambiwa kosa. Ijumaa saa nane mchana ndio analetwa kortini, polisi wanaomba siku zaidi, mimi nasimama nimevimba, Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya, aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya masaa 24, na hayo 24 yameisha tangu asubuhi! Kiongozi wa mashtaka wala hakuhangaika, akasema OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ni 16:00, masaa 22 tu. Hakimu akanigeukia: wakili, alikamatwa saa ngapi?

Nikatazama bahasha. 4. Mteja alisema saa nne, yaani 10:00? Ama ni mimi, kwa vile noti huandika kwa Kiingereza, nilishaigeuza kichwani akiwa amesema saa kumi jioni? Wallahi sikujua, na mwandiko ni wangu. Namwangalia kijana kizimbani, ananionyesha vidole vinne. Vinne! Ahsante sana.

Akaongezwa siku 5. Mamake hakusema neno, alikaza leso yake akatoka, afadhali angenitukana.

Na OB ni saa ya kuandikwa kitabuni, sio ya kukamatwa, hayo masaa sita ya katikati ndiyo yalikuwa kesi yenyewe, mimi nikayatupa kwa tarakimu moja.

Halafu kuna yule mkubwa niliyejifunza kazi kwake: "Andika pointi tu, mengine utakumbuka." Utakumbuka! Yeye ana karani wa kumkumbukia, mimi nina bahasha.

Sasa kwangu saa hutangulia kabla ya neno lolote, tarakimu nne, 10:00 au 16:00, na kando yake nani kasema: mteja, OB, au nimeona mwenyewe. Saa niliyofika deski, saa niliyoruhusiwa kumwona, saa niliyotoka. Na mteja akisema saa nne simwachii hapo, namuuliza ulikuwa ushakunywa chai? Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa ama ni baada ya alasiri? Mvuvi wangu angeniambia mashua ndio kwanza imerudi, yangekwisha.

Fomu yoyote bwana, hata bahasha. Ila huyo mteja wako wa jana kama bado yuko ndani, rudi sasa hivi kabla korti haijaanza, ukamuulize adhana.