Uharibifu, hasara na mahitaji havijumlishwi pamoja! (Maria, Dominica 2017)

Mdogo wangu, hiyo bilioni 2.68 usiipeleke kwa msimamizi wako. Umesema umechukua hesabu za kimbunga Maria, dola milioni 931 za uharibifu, milioni 382 za hasara na bilioni 1.37 za mahitaji, ukajumlisha. Sasa unauliza uigawe vipi kwa Pato la Taifa la Dominica, kile kisiwa cha Karibi, utumie programu gani, na fedha za bima uziweke wapi. Hayo yote yasubiri. Umeshaharibu kwenye kujumlisha.

Tarakimu zenyewe ni sahihi, ni za tathmini iliyofanyika baada ya kimbunga Maria kuipiga Dominica tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa kiwango cha 5, cha juu kabisa. Uharibifu ni mali iliyokuwepo ikavunjika: paa, barabara, mgomba. Hasara ni kipato kitakachokosekana mpaka mali hiyo irudi kufanya kazi. Mahitaji ni gharama ya kuirudisha, tena iwe imara kuliko mwanzo. Ukiweka uharibifu na mahitaji kwenye jumla moja, paa lile lile umelihesabu lilipong'oka, na ukalihesabu tena linapoezekwa. Ile asilimia 226 ya Pato la Taifa la 2016 unayoiona kila mahali ni uharibifu na hasara tu. Na haina maana kwamba uchumi ulishuka kwa asilimia 226! Mali ni ya kulimbikizwa miaka mingi, Pato la Taifa ni la mwaka mmoja.

Nakuwa mkali kwa sababu jambo hili nimeliona likiumiza watu kwetu Rungwe, mkoa wa Mbeya. Upepo na mvua ya mawe viliangusha migomba, tukatumwa kuhesabu. Akaletwa mshauri na jedwali lake. Safu ya kwanza thamani ya mgomba, ambayo aliipata kwa kupiga hesabu ya mikungu yote utakayozaa. Safu ya pili, mikungu itakayokosekana. Mkungu ule ule, safu mbili! Nilimuuliza mbele ya mtendaji wa kata, akanijibu kwamba ndivyo wanavyofanya kimataifa. Uongo mtupu. Utaratibu ulioanzia kwenye tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa ya Amerika ya Kilatini na Karibi, tangu miaka ya 1970, unatenga mali na kipato, na unakataza kuhesabu kitu mara mbili. Waliotakiwa kutoa fedha walipoona robo eka ya migomba ina thamani kuliko nyumba ya tofali za kuchoma, waliirudisha taarifa nzima, hata kurasa za mabati na vyoo vya shule zilizokuwa hazina tatizo. Kuna mama alikuwa na migomba iliyokatika kiunoni, mikungu imelala chini mibichi haifai hata kwa ng'ombe, akasubiri miche mpaka msimu wa kupanda ukapita. Mshauri alikuwa ameshalipwa zamani. Yule mtu simsamehe.

Kwa hiyo kila tarakimu kabla hujaiingiza, andika pembeni yake: hiki kilikuwepo, au hiki kingeingia? Kisichojibika, kiache nje. Kwenye migomba, uharibifu ni gharama ya kupanda machipukizi upya. Hasara ni mikungu ya kipindi cha kusubiri mavuno, ukitoa mbolea na vibarua ambavyo mkulima hatavilipia kipindi hicho. Na kipindi chenyewe usikikate tarehe 31 Desemba kwa sababu tu jedwali lako limeishia hapo. Angalia Grenada, kimbunga Ivan, Septemba 2004: kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ya nchi, na mti huo hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Mche wake ni bei ndogo, kumbe hasara inatembea mwaka hadi mwaka. Parachichi zetu za Njombe ni hivyo hivyo, ila zenyewe zinawahi.

Bei za uharibifu utumie zile za siku chache kabla ya kimbunga. Za baada yake zimeshapanda, mabati na mbao ndiyo kabisa.

Tenganisha safu ya kilimo kwanza, ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa, kisha uiweke hapa hapa. Nitaipitia mstari kwa mstari kabla hujaigusa ya nyumba.